Filamu Zisizofika Mwisho

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu 2002

Chaki imebaki ukubwa wa jino. Nimeandika nayo hivyo hivyo, kucha zikakwaruza ubao. Tangazo la filamu ya leo:

YA KARATE. MUNTU MOJA WALIMUULIA MWALIMU WAKE. WAUAJI NI KUMI NA MBILI, ANAWATAFUTA MOJA MOJA. FIKA SAA KUMI, UKICHELEWA UTAKUTA WAMEBAKI WANNE.

Mistari mitatu tu. Ubao ni kipande, ile ingine walipasua wakapikia. Muji wa Kindu muzima hakuna muntu wa kuingiza filamu ndani ya mistari mitatu. Niko mimi tu, Amisi. Sikumaliza ya sita primeri. Vita ilikuja, masta akaacha kufundisha, masomo yakafungwa. Lakini masta mwenyewe anapitaka asubui kusoma ubao wangu. Leo amesema nimekosa herufi mbili. Nikamwambia haizuru, hata kwenye filamu wanakosekana watu wengi, wamekufa.

Kichina sijui. Kihindi sijui. Naangalia macho ya wale watu ndani ya televizyo, naelewa yote.

Jumanne, 5 mwezi wa tatu

Mambo mabaya. Papa Lukali, mwenye sali ya video, ile nyumba ya filamu, ametuambia esanse, yale mafuta, imekuwa ya shida. Ndege haileti. Mashua za Kisangani hazifiki. Gari la moshi tulisahau sauti yake. Sasa grupu, mashine ya umeme, itawaka saa moja na robo kila siku, basi. Filamu itakatika mbele ya kuisha.

Leo imekatika mwenye karate akiwa juu ya nyumba na wauaji wawili wamebaki. Watu kelele. Moja akarusha ndala. Papa Lukali, na lile tumbo lake lote, akajificha nyuma yangu, mimi mwembamba kama fito. Nikapanda kwenye benchi. Nikaelezea mwisho kwa mudomo. Ule mwisho sijauona hata siku moja. Nimeutunga palepale. Muuaji wa mwisho nikamufanya ndugu yake wa tumbo moja. Sali nzima ikapiga makofi.

Papa Lukali amesema: Amisi, toka leo wewe njo fundi wa miisho. Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Pikipiki moja imenitukana. Wivu.

Jumatano, 6 mwezi wa tatu

Mama haingii sali. Anasema ni mahali pa wahuni. Lakini magaribi, bugali ikifika, anasema, haya, muhuni wangu, elezea. Namwelezea. Asha, bibi ya yaya Shabani, kaka yangu mukubwa, anakunja miguu kwenye mukeka, anajifanya anachambua sombe, majani ya muhogo, kumbe masikio yote iko kwangu.

Swali la Mama ni moja tu, filamu zote. "Na alirudi kwao?"

Ya karate, ya mapenzi, ya majini. Anataka kujua kama alirudi kwao.

Najua kwa nini anauliza. Yaya Shabani alienda muji wa Kama na kinga yake, ile baiskeli nyeusi, kupeleka chumvi na sabuni kwa wachimba zahabu. Kwenda na kurudi ni majuma mawili. Leo ni mwezi wa tatu hajarudi. Barabara imefungwa, watu wa pori huku, askari kule. Hatusemi juu yake. Tunasema filamu.

Nasema ndiyo Mama, alirudi. Wote wanarudi. Kwenye miisho yangu hakuna anayebaki njiani.

Alhamisi, 7 mwezi wa tatu

YA MAPENZI. BINTI WA TAJIRI NA FUNDI VIATU. BABA HATAKI, MVUA INANYESHA, WANAIMBA. WANAWAKE MULETE VITAMBAA VYA KULILIA.

Wamelia kweli. Papa Lukali naye, ameniambia ni moshi wa grupu. Jioni Asha ameniuliza kama yule fundi viatu alimuoa. Nimemujibu amemuoa na wamezaa mapacha. Akasema, shemeji, wewe utakufa na uongo kinywani. Nikasema, na wewe utakufa ukiusikiliza. Akanitupia jani la sombe.

Ni vizuri Asha akicheka. Haiko mara nyingi.

Jumamosi, 9 mwezi wa tatu

YA MAJINI. NYUMBA MOJA, MULANGO UNAJIFUNGUA, MAITI ANAOMBA MAJI. WENYE MOYO MUDOGO MUBAKI NYUMBANI NA MAMA ZENU.

Katikati ya filamu risasi zikalia. Watu wakafikiri ni za televizyo. Wakacheka. Kisha muntu akatambua majini hawana bunduki. Zilikuwa ng'ambo ya muto, upande wa Alunguli. Tulilala chini ya benchi wote, na maiti anaendelea kuomba maji pale juu, hakuna wa kumuzima.

Sikuogopa. Kidogo tu.

Ijumaa, 15 mwezi wa tatu

Watu wa njia ya Kama wamefika Alunguli kwa miguu. Mama amenituma. Nimevuka na mutumbwi. Wamekaa kwenye nyasi, nyayo zimepasuka, wengine wamefunga majani ya ndizi badala ya viatu. Nimeuliza kila muntu. Shabani, mrefu, kinga nyeusi, jino moja limevunjika hapa mbele. Hakuna aliyemuona. Mwanamuke moja aliniuliza mimi kama nimemuona mutoto wake.

Nimerudi. Mama alikuwa bandarini ananingojea. Hakuuliza. Aliona vile natembea.

Jumanne, 19 mwezi wa tatu

Kalume amefika. Kalume njo aliondoka pamoja na yaya, kinga mbili, mizigo mbili. Alituma mutoto wa mupiga makasia aniite mimi, nije peke yangu. Nimemukuta Alunguli kando ya maji. Nilitaka kumucheka, anabaki mifupa tu. Sikucheka.

Naandika vile amesema, nisisahau. Walikuwa wanarudi. Kwenye kijito kimoja, siku mbili toka Kama, watu wenye bunduki wakawasimamisha. Yaya alikuwa mbele, Kalume nyuma. Yaya akakataa kuachilia kinga. Wakapiga risasi. Kalume akamuona yaya anaanguka magoti, kinga juu yake. Kalume akakimbia porini. Hakugeuka.

Nikamuuliza, kisha?

"Kisha sijui, Amisi. Mwisho sikuuona."

Amenipa pompi. Pompi ya kujaza kinga ya yaya upepo, ile Asha aliifunga utepe wa mupira mwekundu isichanganyike na za wengine. Kalume njo alikuwa anaibeba sababu muzigo wa yaya ulikuwa mukubwa. Akasema, macho ya Mama Shabani mimi siyawezi, mwambie wewe unayejua kusema. Ameenda kwao Kibombo. Hakupitia kwetu hata.

Mama Shabani. Muji muzima unamwita hivyo. Mimi, wa pili, jina langu halimo.

Niko hapa kwenye mawe ya bandari. Naandika ili nisiende nyumbani.

Jumatano, 20 mwezi wa tatu

Nilifika jana jua likiwa bado juu. Mama amesimama mulangoni, Asha nyuma yake na mwiko mukononi. Walisikia Kalume amefika. Kindu hakuna siri ya saa mbili.

Nilisema nusu. Kijito. Watu wenye bunduki. Walimupiga, akaanguka magoti.

Mama hakulia. Akaniangalia vile ananiangaliaka na sahani ya bugali mbele yake. Akasema, na kisha? Wewe si njo unajua miisho?

Mudomo wangu ukaenda peke yake. Nikasema ilikuwa muguu tu. Nikasema aliamka, akaingia porini, akavuka kijito. Nikasema watu wa kijiji cha ndani wamemuchukua, mama muzee moja anamupaka dawa za majani. Kalume aliambiwa na muntu aliyemuona. Barabara ikifunguka, atarudi.

Mama akakaa chini. Akavuta pumzi mupaka mwisho. Kisha akaomba chakula. Alikula yote akafuta sahani na kidole. Ni mwezi na zaidi hajamaliza sahani.

Nikaenda nyuma ya nyumba na sahani yangu, nikawamwagia kuku.

Ijumaa, 22 mwezi wa tatu

Mama ametangazia avenyu nzima kwamba yaya anapona. Baba mudogo alikuja baada ya sala. Naye amesikia habari kwa watu wengine wa njia ile, wanasema kwenye kijito hakuna aliyepona. Anataka tukae matanga, tusome dua, roho ipumzike. Mama akasimama.

"Matanga ya muntu muzima? Unamutakia nini mutoto wangu? Muulize Amisi!"

Wakaniangalia wote. Nikasema, njo hivyo, baba mudogo. Anapakwa dawa.

Baba mudogo ametoka bila kumaliza chai.

Pompi nimeificha ndani ya sanduku la kasete kule sali. Ubao wa leo:

YA KUCHEKESHA. POLISI MUNENE ANAFUKUZA MWIZI, SURUALI INAANGUKA. MUTACHEKA MUPAKA TUMBO IUME.

Walicheka. Nilitaka kuwapiga.

Jumamosi, 30 mwezi wa tatu

Uongo umeota miguu. Mama anasema yule muzee wa dawa anaitwa Mama Sifa, ana mbuzi wawili. Mimi sikusema mbuzi. Anasema muguu wa kushoto umeanza kupona, wa kuume ndio haukuguswa. Amefua shati jeupe la yaya, amelikunja, amelitia majani ya muchaichai linukie vizuri. Kila siku anaweka sahani ya yaya. Mbele hakuwa anaiweka.

Nikielezea filamu sasa, hasikilizi sana. Ananikata. Anataka ile ingine. Elezea ya Shabani.

Naelezea. Kila siku naongeza kidogo. Naogopa mudomo wangu.

Jumamosi, 13 mwezi wa ine

Asha ameniletea mihogo kule sali. Nilikuwa nje na chaki. Aliingia kuweka sahani juu ya sanduku la kasete, na kifuniko hakifungiki vizuri. Hakutoka. Nikaingia. Pompi iko mukononi mwake. Kidole kinapita juu ya ule utepe mwekundu, kinapita, kinapita.

Hakupiga kelele. Alisema pole pole, shemeji, muguu, yule muzee, dawa. Ni kweli, ao ni filamu?

Ningeweza kutunga. Nilikuwa na maneno. Pompi ilianguka, mimi niliiokota, Kalume aliniachia niitengeneze. Yalikuja yote, na matamu.

Nikasema, ni filamu.

Nikamupa habari ya Kalume, yote, mupaka pale pa magoti. Nikasema mwisho hakuna aliyeuona, labda. Asha akasema: "Usiniambie labda. Kalume amekula na sisi miaka. Angeona anapumua, asingemuacha."

Akakaa kwenye benchi ya mbele, televizyo imezimwa. Kisha akasema kitu sikukitazamia. Anataka kukaa eda. Muntu akifiwa na mume anakaa ndani miezi mine na siku kumi, anavaa nyeupe, anamulilia kwa heshima. Shabani alistahili hiyo. Hatamukosesha hiyo kwa sababu yangu mimi na mudomo wangu. Lakini Mama asijue. Mama akijua ataanguka.

Amemuaga Mama. Kwamba mama yake wa Alunguli iko na homa, anaenda kumuuguza. Mama akamupa machungwa ampelekee mugonjwa.

Nilimubebea muzigo mupaka mutumbwini. Chini ya kitenge cha kijani nikaona pindo nyeupe. Ameivaa tayari. Hakuniaga. Mimi pia singejiaga.

Jumatano, 8 mwezi wa tano

Nimevuka na unga. Mama yake Asha amenipokea, muzima kabisa, hana homa hata ya kukohoa. Asha siruhusiwi kumuona. Nimekaa nje kwenye ukuta wa chumba chake, udongo na fito. Nikasalimia ukuta. Ukuta ukaniuliza, Mama anakula?

Anakula vizuri, nikasema. Ameongeza mwili.

Ukuta ukasema, basi vizuri.

Kisha akaniomba filamu ya jana. Ilikuwa ya farasi. Mwanaume mwenye kofia anafika katika muji, kila muntu anafunga mulango, hakuna wa kumupa maji. Nilielezea mupaka pale grupu ilipozimika.

"Leo huna mwisho?"

Sina, nikasema.

Tulikaa hivyo. Yeye huko, mimi huku. Jua liliniunguza muguu moja tu.

Jumanne, 9 mwezi wa saba

Askari wamekuja wakabeba grupu. Wamesema wataazima tu. Papa Lukali alikaa kwenye benchi, tumbo limeshuka lote. Watu wakaniambia, Amisi, si uelezee tu, bila televizyo, utuelezee yote. Watoto wengine walikaa chini tayari.

Nikasema siwezi. Koo inauma.

Koo yangu haina kitu. Nimeibeba pompi nyumbani, nimeifukia nyuma ya banda la kuku.

Alhamisi, 22 mwezi wa nane

Asha amemaliza eda juzi. Leo amevuka kuja kumusalimia Mama. Amekonda, lakini uso umetulia. Amesema kwa adabu kwamba anabaki kwao. Harudi kwetu.

Mama alisimama pale barazani, jirani wote wanasikia. Akamwambia ni mwanamuke bila haya. Mume yuko kitandani kwa watu, anapona pole pole, wewe unakimbia nyumba yake? Miezi mine unasingizia homa! Akirudi nitamwambia nini? Nitamwambia bibi yako alichoka kukungojea, akatafuta wengine?

Wanawake wakapiga ulimi. Moja akatema mate chini.

Asha alipiga magoti. Akasema, nisamehe, Mama. Akaamka, akaenda. Hakunitazama. Neno moja la Asha lilitosha, na hakulisema.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mimi mwenye kusema mbele ya sali nzima. Nilikuwa nashika sufuria. Niliendelea kuishika.

Sitaandika tena. Sina mambo ya kujisifu.

Jumamosi, 8 mwezi wa sita 2024

Kumbe karatasi zilibaki. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku la Mama, chini ya shati jeupe. Alilitunza akifikiri ni la masomo. Kusoma hakujua.

Mama amekufa leo alfajiri. Tumemuzika mbele ya laasiri.

Niko na miaka karibu makumi ine. Niko na kibanda karibu na bandari, natia filamu ndani ya kadi za simu. Zinafika zima, na mwisho wake. Vijana wanarukaruka kuangalia mwisho kwanza, kisha wanaacha. Naandika bado mistari mitatu kwenye katoni, watu wachague. Wananiita Papa Amisi. Majisifu yalipunguka, si yote.

Ile sahani imewekwa kila siku. Vita iliisha, barabara ya Kama ilifunguka, pikipiki zinaenda zinarudi. Mama alisema labda Shabani amepata bibi huko, mutoto mubaya, amenisahau. Akamukasirikia miaka. Afazali amukasirikie, nilijiambia. Baba mudogo alikufa akiuliza matanga. Kalume sikumuona tena. Mara ngapi nilifungua mudomo. Mama alikuwa anakula, nikaufunga.

Jioni hii wamenituma na tangazo la redio. Yule kijana wa redio amenipa nusu karatasi, amesema, Papa, fupi tu, mistari mitatu inatosha.

Mistari mitatu. Nilicheka, kijana akashangaa, nimefiwa na ninacheka.

Nimeandika jina lake. Kisha inatakiwa kuandika watoto anaoacha. Nilikaa na kalamu ya bic hewani. Ameacha watoto wawili. Ameacha mutoto moja. Nje pikipiki zinapita. Kijana anaangalia saa yake.

Niliandika hivi, herufi kubwa, vile nilizoea:

MAMA SHABANI AMETUTOKA. AMEMUFUATA MUTOTO WAKE SHABANI, ALIYEUAWA NJIA YA KAMA WAKATI WA VITA. MATANGA NI YA WOTE WAWILI, NYUMBANI KWAO.

Kijana alisoma. Akasema, pole, Papa, mbili mara moja? Nikasema hapana. Moja ni ya zamani. Ilichelewa.

Jumatatu, 10 mwezi wa sita

Redio ilisoma mara tatu jana. Watu wamejaa. Wale wanawake wa zamani wa avenyu, wazee sasa, wamekaa kwenye mikeka. Moja wao ameniuliza mbele ya wote, ulijua toka lini, Amisi? Nikasema toka siku ileile. Na Asha? Asha alijua toka mwezi wa ine. Alikaa eda kwao, kimya, ili Mama asianguke. Hakukimbia muntu.

Hawakunitukana. Ningependa wanitukane.

Karibu na saa ine Asha alifika, amevuka na mutumbwi wa moteri, na mutoto wake wa kiume wa ule mume mwingine. Kijana murefu. Alisimama pembeni, pale wageni wa mbali wanasimamaka. Yule mwanamuke aliyetema mate siku ile, muzee sasa, akaamka, magoti yanalia. Akamushika mukono. Akamupeleka mbele kabisa, mukeka wa ndani, akasogeza watu, akamukalisha mahali pa mukwe.

Nimefukua pompi. Kutu tupu, lakini mupira mwekundu ungalipo. Niliiweka kwenye mukeka, juu ya shati jeupe, kando ya ushungi wa Mama. Kijana wa Asha akamuuliza pole pole hiyo ni nini.

"Ya kinga ya mume wangu wa kwanza," akasema. "Alikufa."

Wakaanza dua. Walisoma majina yote mawili. Wanawake wa jikoni walipopakua, walihesabu sahani za watu waliokuwepo tu.